Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu Zanzibar: tatizo si maiti ya kitabuni

Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Mafunzo ya Amali, assalaam alaykum.

Mie ni mama wa watoto, niko hapa Wete, sina cheo chochote, ila nna neno. Ni hili suala la vitabu, muvi na magemu ya vifo, mizuka na damu damu. Ukikaa popote wazee wanasema serikali ipige marufuku yote maana watoto wanaharibika. Na juzi juzi mwalimu wa skuli moja huku kamnyang'anya mtoto wa kike riwaya kisa kava ina picha ya fuvu, hajafungua hata ukurasa mmoja, kaona fuvu tu basi. Mheshimiwa, naomba msishike njia hiyo, mtawaonea wanaosoma na wale wenye tatizo mtawaacha wanaendelea vilevile.

Maana tukisema tufute kila chenye kifo itabidi tuanze na vya kwetu wenyewe. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari mwenzetu, ilishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957 na 58, ikatoka kitabu 1960, na kisa chote kinaanzia kwenye maiti iliyokutwa mzimuni, Bwana Msa na kiko chake anatafuta nani kaua. Halafu 1968 akatuletea Kisima cha Giningi, na jina Giningi mtu wa Pemba humwelezi, ndiko kwa wachawi huko. Watu wamesoma hivo wakakua wakawa walimu na madaktari, sidhani kama kuna aliyetoka pale akenda kuchinja mtu.

Na kabla ya hapo kulikuwa na nunda. Ile hadithi ya Sultani Majnuni na paka wake imechapishwa tangu 1870, mmisionari Mwingereza Edward Steere aliikusanya hapo Unguja, lakini mabibi walikuwa wanaisimulia zamani zaidi. Paka kaanza kula mifugo, watu wakashitaki, Sultani anajibu paka ni wangu na mifugo ni yangu. Paka akahamia kwa watu, bado mzee hataki kuambiwa, mpaka alipowala watoto wake mwenyewe ndo akakubali kuwa huyu si paka tena ni nunda. Kitoto chake cha mwisho kikaingia mwituni kumsaka, kila mnyama anaemleta mama yake anamwambia siye huyu, hadi akampata kweli. Sasa hiyo ni hadithi ya kusimulia watoto usiku taa imezimwa! Lakini angalia kitu kimoja Mheshimiwa, kila anaeliwa mle ana mtu wa kumlilia na mtu wa kwenda kushitaki, hakuna anaeliwa hivihivi tukapita.

Na watoto wa huku kifo wanakijua, msidhani wanafundishwa na TV. Mwaka 1995 ilipozuka hofu ya popobawa, lile jini la usiku, hapa Pemba watu walilala nje kwa makundi na moto umewashwa, gemu gani ilikuwepo? Ikaja Septemba 2011 meli ya Spice Islander ikazama usiku inakuja huku imejaza watu kupita kiasi, Julai mwaka wa pili yake Skagit ikazama karibu na Chumbe. Mie wakati ule niliona watoto wa mtaani kwetu wanacheza meli inazama, wamepanga madumu mchangani ndo meli, mmoja nahodha, mwengine anapiga kelele mama mama, kuna aliyejilaza kafunikwa kanga, wenzake wanamwombea dua kwa sauti za kitoto zile, halafu "maiti" anafufuka anasema sasa zamu yangu kuwa nahodha. Watu wazima wakawafukuza na fimbo, ati wanachuria. Mie mpaka leo naona wale watoto walikuwa na akili kuliko sie, walikuwa wanalitoa lile jambo kifuani na hakuna mkubwa aliyekaa nao.

Sasa linaloniuma ni vibanda. Pita kibanda chochote cha gemu baada ya skuli, pazia limefungwa mlangoni, ndani joto, mtoto wa miaka saba bado kavaa unifomu ana pedi mkononi, sarafu yake ya 500 ishalipwa, anampiga mtu risasi barabarani, anampitia na gari, anarudi nyuma anampitia tena, na wakubwa waliokaa pale wanacheka. Mtoto hata hamjui yule mtu, na hakuna wa kumlilia.

Gemu za namna hiyo huko zinakotoka zina umri wake. Marekani 1992 ilitoka Mortal Kombat, aliyeshinda anaweza kumng'oa mwenzake moyo, wazee wa kule nao wakaja juu kama wetu, 1993 wakalijadili hadi kwenye Seneti. Hawakuifuta. Kuanzia 1994 kukawa na bodi ya kuandika umri juu ya boksi, na Ulaya nao tangu 2003 wana namba zao, 18 maana yake 18. Sie namba hiyo hatuioni, gemu inafika imekopiwa, boksi limebaki huko huko. Muvi ndo usiseme, unatiliwa kumi kwa mpigo kwenye flashi, ya katuni na ya kuchinjana zimo pamoja.

Kwa hiyo ombi langu, na najua muvi na magemu ziko wizara nyengine lakini watoto ni wako: kaeni na wenzenu, kila kibanda kibandikwe umri mlangoni kwa Kiswahili, maandishi makubwa, na mtoto mwenye unifomu asiingie mchana wa masomo. Masheha, wale viongozi wa mitaa, wanavijua vibanda vyote, hilo halitaki hata bajeti. Na skuli mzipelekee waraka kwamba mwalimu asichukue kitabu cha mtu kabla hajakisoma mwenyewe, akishakisoma akakiona kizito basi akae na mwanafunzi wazungumze, huenda yule mtoto kafiwa na sie hatuna habari.

Na wale vijana wanaotafsiri muvi, mtu anachinjwa wao wanapiga utani "kalala huyo!", muwaite pia, ila msiwafokee. Wana vipaji, watoto wanawasikiliza kuliko sie wazazi, wallahi tena kuliko hata nyie mawaziri.

Nasubiri jibu, hata likiwa la kunigombeza.

Wasalaam,
Mama wa watoto, Wete