Ukishaapa, nenda karekebishe taarifa zako

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe Waswahili wenzangu tulioko Marekani kwamba kiapo cha uraia hakibadilishi kila faili serikalini.

Mimi niliapa, nikarudisha kadi ya ukaazi, nikapiga picha na wanangu, nikadhani yamekwisha. Miaka miwili baadaye nikapata kazi mpya. Mwajiri alipohakiki taarifa zangu, jibu likaja kwamba hazilingani: kwenye kumbukumbu za Hifadhi ya Jamii (Social Security) nilikuwa bado mgeni, si raia. Usiku ule sikulala. Cheti changu cha uraia kilikuwa kabatini, ndani ya bahasha ileile ya siku ya sherehe.

Mwaka 2024, fomu ya kuomba uraia, N-400, iliwekewa sehemu ya kuomba taarifa za uraia wako zipelekwe Hifadhi ya Jamii moja kwa moja. Kama hukuijaza, subiri angalau siku 10 baada ya kiapo, kisha nenda ofisi ya Hifadhi ya Jamii na cheti halisi, si nakala. Nenda kabla hujaomba pasipoti, maana maombi hayo huondoka na cheti chenyewe na utakaa bila kuwa nacho kwa muda.

Na watoto, jamani! Walio chini ya miaka 18, wenye ukaazi wa kudumu na wanaoishi na mzazi aliyepata uraia na mwenye haki ya kuwalea, huwa raia papo hapo kwa sheria ya mwaka 2000. Lakini karatasi haziji zenyewe. Waombee pasipoti mapema, wangali wadogo.

Msomaji wako,
Marekani