Dawa zako zisikae mbali nawe

Unguja Mjini

Shoga yangu Mwanakombo,

Assalaam alaykum. Mwanao kanipa salamu zako, kanambia safari ya Maskati imeiva, unakwenda kumlea mzazi. Nimefurahi mno, mjukuu wa kwanza si jambo dogo. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Nilikuwa nafikiria dawa zako, na yale yaliyonikuta mimi safari ya Umra.

Vidonge vyangu vya presha nilivibeba katika vile vibahasha vya dukani, vilivyoandikwa "1×2" kwa kalamu na basi. Hapa kwetu nani asiyeelewa? Pale tulipobadilisha ndege, askari alikimwaga kimoja kiganjani, vidonge vyeupe visivyo na jina, akaniuliza ni nini hivi. Sina boksi, sina cheti. Nilikalishwa kando karibu saa nzima nikiwatazama wenzangu wanapanga foleni ya kupanda. Waliniachia dakika za mwisho. Sitaki likukute wewe, tena uko peke yako.

Kwa hiyo vibahasha viache Wete. Dai maboksi yenyewe, yenye jina la dawa na karatasi yake ndani. Mwombe daktari akuandikie barua kwa Kiingereza yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na kila dawa kwa jina lake la asili, yaani amlodipini ya presha, metfomini na insulini za sukari. Majina ya kibiashara hubadilika nchi kwa nchi, hilo la asili mfamasia wa Maskati atalijua. Halafu hesabu. Arubaini ya mzazi ni siku arubaini. Metfomini mara mbili kwa siku ni vidonge 80, ongeza 14 vya wiki moja, maana ndege huahirishwa.

Insulini, shoga, nakusihi isiingie kwenye sanduku la chini, lile linalokwenda tumboni mwa ndege. Huko inaweza kuganda, na ikishaganda hata ikiyeyuka haifai tena. Iwe kwenye mkoba wako, ndani ya chupa ya chai yenye mdomo mpana, na uizungushie kitambaa isigusane na barafu. Ukifika kwenye mashine ya ukaguzi, sema mwenyewe mapema kwamba una insulini na sindano, uwaonyeshe barua. Dawa hazibanwi na ile sheria ya maji ya mililita 100. Maskati wakati huu wa joto gari likiegeshwa juani huwa tanuri, usiisahau humo hata kidogo. Nyumbani iweke kwenye mlango wa friji, mbali na panapogandisha. Saa zao zimetangulia zetu kwa saa moja: sindano yako ya saa moja asubuhi huko itakuwa saa mbili. Muulize daktari akupangie.

Sasa lile linalonitia hofu kweli. Vile vidonge vya mgongo ulivyopewa ulipoanguka, ni tramadoli, dawa kali ya maumivu. Unapita Dubai, na Imarati wameiweka katika dawa zinazodhibitiwa. Anayeihitaji huomba kibali cha serikali yao mtandaoni kabla hajasafiri. Hata kwa mwenye cheti cha daktari, bila kibali ni kujitafutia kesi ya dawa za kulevya. Usiseme mimi napita tu, sheria yao inamfika hata anayebadilisha ndege. Wala usiviache ghafla kwa kuwa nimekutisha, kama unavimeza kila siku mwili utakusumbua. Nenda kwa daktari wiki hii, sio siku mbili kabla ya safari, umuulize kama ipo nyengine ya kuchukua nafasi yake. Na dawa ya jirani ya kikohozi, "nipelekee mwanangu", ikatae. Hujui ndani mna nini.

Boti ikifika Malindi hapa Unguja utanikuta bandarini. Lala kwangu usiku mmoja kabla ya ndege, tuzimwage dawa zote mkekani, tuzihesabu moja moja na barua ya daktari tukiwa nayo mkononi.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Shoga yako,
Zuhura