Jambo limeenda kikao kipi? Barua kwa Baba Mdogo kutoka Rabat

Baba Mdogo, shikamoo. Nakusalimu wewe, Mama Mdogo na wote hapo Ngamiani.

Lile swali lako halikutosha dakika za simu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Uliuliza kama mfalme wa Morocco ni wa heshima tu kama wa Uingereza, au anatawala kama wa Saudia. Si huyu wala yule. Na usimfananishe na Sultan Jamshid wa ule mwezi mmoja wa Unguja, Desemba 1963 mpaka Januari 1964, kwa kuwa pale kazi ya serikali ilikuwa ya Waziri Mkuu Muhammad Shamte. Huku kuna vikao viwili vya mawaziri vyenye majina yanayokaribiana. Ukishajua jambo limepelekwa kikao kipi, umeshajua ni nani aliyeliamua.

Kimoja ni Baraza la Serikali. Hukaa kila wiki, kwa kawaida Alhamisi, na mwenyekiti wake ni Mkuu wa Serikali (cheo cha Waziri Mkuu kilibadilishwa jina mwaka 2011). Hapo hupita miswada ya kawaida, amri za utekelezaji, na uteuzi wa makatibu wakuu, wakurugenzi wa wizara na wakuu wa vyuo vikuu. Cha pili ni Baraza la Mawaziri, na hicho mwenyekiti wake ni Mfalme mwenyewe. Hakina siku maalumu; huweza kupita miezi hakijakaa. Ibara ya 49 ya katiba imeorodhesha yanayopaswa kufika huko: mwelekeo mkuu wa sera za dola, mwelekeo wa jumla wa bajeti, marekebisho ya katiba, sheria zinazokamilisha katiba, mambo ya jeshi, kutangaza vita, na uteuzi wa gavana wa Benki Kuu, mabalozi, maliwali (wakuu wa mikoa) na wakuu wa mashirika makubwa ya umma. Mkuu wa Serikali na mawaziri ndio wanaopendekeza majina, ila hakuna uteuzi mpaka Mfalme akae na akubali. Kwa hiyo gazeti likiandika tu kwamba "mawaziri wamepitisha", soma mstari unaofuata uone ni kikao gani.

Katiba hii ni ya 2011. Vijana waliingia barabarani tarehe 20 Februari mwaka huo, Mfalme Mohammed VI akahutubia tarehe 9 Machi akiahidi katiba mpya, na kura ya maoni ikapigwa tarehe 1 Julai. Badiliko zito kuliko yote limo katika ibara ya 47: Mfalme lazima amteue Mkuu wa Serikali kutoka chama kilichoongoza uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi, ile nyumba ya Bunge inayochaguliwa na wananchi. Zamani hakufungwa na chochote. Mwaka 2002 wasoshalisti wa USFP waliongoza, lakini aliyepewa serikali ni Driss Jettou, ambaye hakuwa wa chama chochote.

Lakini ibara hiyo ina pengo, nalo lilionekana 2016. Chama cha PJD kilipata viti 125 kati ya 395, na ili uwe na wingi unahitaji 198. Tarehe 10 Oktoba Abdelilah Benkirane akateuliwa aunde serikali. Ikapita miezi mitano hana serikali. Aziz Akhannouch wa chama cha RNI alishikilia kwamba USFP nao waingie, Benkirane akakataa. Katiba haisemi aliyeteuliwa ana siku ngapi, wala haisemi akishindwa inakuwaje. Machi 2017 Mfalme akamwondoa, akamteua Saadeddine Othmani wa chama kilekile. Othmani akawakubali USFP, na mwezi uliofuata serikali ya vyama sita ikaapishwa. Maneno ya katiba hayakuvunjwa hata moja, kwa sababu chama kilikuwa ni kilekile. Lakini kila kiongozi wa chama alijifunza kwamba muda ukiwa mrefu, anayeumia ni aliyeteuliwa.

Utauliza kwa nini chama kisipate nusu ya viti kikamaliza mabishano. Ni namna ya kuhesabu kura. Jimbo moja lina viti kadhaa, na karatasi ya kura ina alama za vyama: njiwa wa RNI, trekta la PAM, mizani ya Istiqlal, taa ya PJD, waridi la USFP. Viti hugawanywa kwa kigawanyo. Mpaka 2016 walichukua kura halali wakagawa kwa idadi ya viti; tangu 2021 wanachukua walioandikishwa wote, hata wasiofika kituoni. Chukua kalamu, Baba Mdogo, ulione vizuri. Tuseme jimbo lina viti 4, walioandikishwa 200,000, waliopiga kura halali 100,000. Chama cha kwanza kimepata 55,000, cha pili 22,000, cha tatu 13,000, cha nne 10,000. Kwa hesabu ya zamani kigawanyo ni 25,000: cha kwanza kinachukua viti viwili na kubakiwa na kura 5,000, na viti viwili vilivyosalia vinakwenda kwa wenye mabaki makubwa, yaani cha pili na cha tatu. Kwa hesabu mpya kigawanyo ni 50,000: cha kwanza kinapata kiti kimoja, kinabakiwa na 5,000 zilezile, na viti vitatu vinakwenda kwa wale wengine. Mwenye 55,000 na mwenye 10,000 wanatoka sawa, kiti kimoja kimoja. Watetezi wa hesabu hii husema inawapa nafasi vyama vidogo. Mimi naona inamwadhibu aliyeshawishi watu wengi, na ni kasoro kubwa.

Hata hivyo usidhani ndiyo iliyoiangusha PJD. Septemba 2021 walishuka kutoka viti 125 hadi 13, na hesabu peke yake haifanyi hivyo, wapigakura waliwaacha. RNI ilipata 102, na Akhannouch akateuliwa siku mbili baada ya kura. Safari hiyo serikali ilipatikana ndani ya mwezi mmoja, ya vyama vitatu tu.

Bunge lenyewe lina nyumba mbili. Ya wawakilishi 395 huchaguliwa na wananchi kwa miaka mitano. Ya washauri 120 huchaguliwa kwa miaka sita na madiwani, mabaraza ya kilimo na biashara, wafanyakazi na waajiri. Zikitofautiana juu ya muswada, neno la mwisho ni la wawakilishi, nao peke yao ndio wenye uwezo wa kuiangusha serikali. Sheria ikipita, Mfalme ana siku 30 za kuitia saini, kisha inachapishwa kwenye gazeti rasmi.

Mahali Bunge linapobanwa ni kwenye pesa. Mwaka wa fedha huku huanza Januari, na muswada wa bajeti lazima ufike kwa wawakilishi kabla ya tarehe 20 Oktoba kwisha. Wabunge hupeleka mamia ya marekebisho. Hapo serikali inafungua ibara ya 77, inayoiruhusu kukataa, kwa kutoa sababu, pendekezo lolote litakalopunguza mapato au kuongeza matumizi ya umma. Mbunge anayetaka zahanati iongezewe fungu hugota hapo. Na kabla muswada haujafika kwake, mwelekeo wake ulishapita mbele ya Mfalme. Umesikia habari za vijana waliojiita GenZ 212 walioandamana kuanzia tarehe 27 Septemba 2025 kwa ajili ya hospitali na shule. Walitaka serikali ijiuzulu, na madai yao waliyaelekeza kwa Mfalme, si Bungeni. Tarehe 19 Oktoba Baraza la Mawaziri likakaa chini yake, ikatangazwa dirhamu bilioni 140 kwa afya na elimu. Vijana wale walijua mlango upi wa kubisha.

Ndani ya serikali pia si mawaziri wote wanatoka vyamani. Mambo ya Ndani, Mambo ya Nje, Wakfu na Mambo ya Kiislamu, utawala wa Ulinzi na Sekretarieti Kuu ya Serikali kwa kawaida hupewa watu ambao Ikulu inawaamini. Katiba haijaandika hivyo. Ni mazoea, na hakuna chama kinachoyapinga kwa sauti. Ahmed Toufiq yuko Wakfu tangu 2002, na wakuu wa serikali wamekuja na kuondoka mmoja baada ya mwingine, yeye yupo palepale. Watu huku huuita mfumo huo mzima Makhzen. Neno hilo ni la shina moja na "hazina" yetu: ghala lilipowekwa mali ya kodi, kisha likawa jina la dola yenyewe.

Upande wa dini Mfalme hana mshirika. Ibara ya 41 inamtambua kuwa Amirul Muuminina, yaani kiongozi wa waumini, na mwenyekiti wa Baraza Kuu la Maulamaa, chombo pekee chenye ruhusa ya kutoa fatwa rasmi. Kwa hiyo sheria ya ndoa, talaka na mirathi haianzii Bungeni. Mageuzi ya sasa yalianza kwa barua ya Mfalme kwa Mkuu wa Serikali Septemba 2023, yakaenda kwenye kamati, kisha maulamaa wakatoa rai, na ndipo Desemba 2024 mambo makuu yakatangazwa. Ule msikiti wa Kinondoni ulio kwenye makao makuu ya BAKWATA, wenye jina la Mfalme huyu, ulitokana na ziara yake Dar es Salaam ya Oktoba 2016. Ni siasa ya nje, lakini inapitia mlango huo wa dini.

Mikoani utajisikia nyumbani kidogo. "Liwali" wetu ndiye "wali" wa huku. Wapo 12, kila mkoa mmoja, wanateuliwa na Mfalme na kufanya kazi chini ya Mambo ya Ndani; chini yao magavana wa wilaya, kisha mapasha mijini na maqaid vijijini. Sambamba nao kuna madiwani waliochaguliwa katika halmashauri 1,503. Madiwani hupanga bajeti yao, ila haitumiki mpaka gavana aipitishe. Tangu sheria za 2015 gavana mwenyewe hawezi kumfukuza diwani. Lazima aende mahakama ya utawala.

Wa chini kabisa ni muqaddam, na huyo kijana wako akija kusoma amjue mapema. Hachaguliwi na mtu, hana ofisi kubwa, lakini anajua nani anakaa nyumba gani, kama mjumbe wa nyumba kumi wa zamani. Karatasi ya kuthibitisha makazi mara nyingi husubiri neno lake. Aende kumsalimia wiki ya kwanza, na nakala ya mkataba wa pango mkononi. Atakayekaa zaidi ya siku 90 lazima aombe kibali cha kuishi polisi, na huko nako wataulizia makazi.

Alhamisi hii Baraza la Serikali linakaa, na msemaji wake huzungumza na waandishi baadaye mchana. Taarifa hutoka kwa Kiarabu na Kifaransa. Nitakutafsiria yaliyomo, nikuandikie na kinachosubiri kwenda kwa Mfalme.

Msalimie sana Shangazi.

Mwanao, Rabat