Kabla ya kufunua sufuria la pilau

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu aliyetaka Wakristo tuache kupika siku ya Krismasi, badala yake tufunge na kusali, kwa madai kwamba sikukuu imegeuka ya tumbo. Naomba nafasi nimjibu. Nusu ya maneno yake imenichoma, nusu nyingine naikataa kabisa.

Nianze na hilo la kufunga. Kwetu Wakatoliki yapo Majilio, majuma ya kujiandaa, padre amevaa zambarau na wimbo wa Utukufu hauimbwi Jumapili. Kama ni kujinyima, mahali pake ni hapo, na jana tu tumewasha mshumaa wa pili wa Majilio. Ikifika 25 Desemba rangi ni nyeupe, Utukufu umerudi, na anayenuna mezani siku hiyo amekosea kalenda. Misa zenyewe za sikukuu ni tatu: ya usiku, ya alfajiri na ya mchana. Siku yenye misa tatu huwezi kuipitisha kwa uji.

Tena huyo ndugu sidhani kama amewahi kukesha uani kwetu. Mwezi huu hapa Bagamoyo kaskazi inavuma, maembe yamejaa sokoni, na kuanzia tarehe 23 wageni wanashuka kutoka Dar es Salaam na mabegi yao. Mume wangu ni wa Kibosho, kwa hiyo miaka mingine tunapanda Moshi, miaka mingine ukoo unashuka kwetu. Wakishuka, watoto wanalala mkekani sebuleni, wamepangwa kama dagaa. Sisi wanawake tunabaki uani tunamenya vitunguu saumu, tunatwanga iliki na pilipili manga, na maneno yanatoka yasiyotoka siku nyingine. Usiku mmoja wa mkesha, baada ya miaka kumi na moja ya mimi kuwa mkwewe, mama mkwe wangu, mchi mkononi, alinisimulia habari za mtoto wake aliyefariki mdogo. Ukifuta mapishi, umefuta na hayo.

Nusu iliyonichoma ni hii.

Jirani yetu ni bibi wa Kiislamu. Kuku na mbuzi wa Krismasi wanachinjwa na mwanawe, ili kwao nao wale bila wasiwasi, na sahani tunayowapelekea haijawahi kurudi tupu. Idi ikifika zinakuja kwetu. Mwaka juzi nilimtuma kijana wangu wa miaka tisa na sinia. Akaamkia vizuri, shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu. Kisha bibi akamuuliza, "Haya, leo mnamsherehekea nani?"

"Krismasi."

"Krismasi ndiyo nani?"

Kijana akafikiri. "Ni pilau, bibi."

Bibi alicheka mpaka ushungi ukamdondoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, nasikia kila neno. Akamkalisha kibarazani, akamweleza habari za Bibi Maryamu: uchungu ulivyomshika akiwa peke yake, akaegemea shina la mtende, akaambiwa alitikise zimwangukie tende mbivu. Basi mwanangu akarudi nyumbani anajua kwamba Krismasi mtu alizaliwa, na aliyemfundisha si mimi, si katekista.

Kuhusu huyo aliyezaliwa ni nani hasa, mimi na bibi hatukubaliani, na hatujawahi kujidai tunakubaliana. Ndiyo maana niliona aibu. Yeye anaijua sura yake ya Maryamu katika Kurani. Mimi Injili yangu ya Luka ilikuwa kabatini chini ya vitambaa vya meza. Ni sawa na kwenda harusini ukala ukashiba, ukaondoka bila kuuliza bwana harusi ni yupi.

Na sisi wa hapa hatuna kisingizio. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Walilea watoto waliokombolewa kutoka soko la watumwa la Unguja, na waliokombolewa wakajengewa kijiji hapo misheni. Hao ndio walikuwa waumini wa kwanza kusherehekea Noeli kwenye viwanja vile: watu waliotenganishwa na mama zao, ambao hawakuwa na shangazi wa kuwapikia wala babu wa kumtembelea. Kila ninapopita chini ya ile miembe ya misheni nawakumbuka. Mtu akiniambia Krismasi ni siku ya ukoo nakubali, lakini kwetu hapa waliitangulia watu wasio na ukoo, na kilichowakusanya hakikuwa pilau.

Mwaka jana, kwa hiyo, nikaweka sheria moja nyumbani. Kifuniko cha sufuria hakifunuliwi mpaka mtoto mmoja asome Luka sura ya pili, tangu mstari wa kwanza hadi wa ishirini. Ni dakika tatu nne, hata msomaji akiwa wa kugugumia. Mashemeji waliguna, mmoja akauliza kama tumehamia ulokole. Zamu ilikuwa ya huyohuyo wa pilau. Alipofika pale Yusufu na Maria walipokosa nafasi kwenye nyumba ya wageni, akanyanyua kichwa: "Sasa si wangetandikiwa mkeka sebuleni kama sisi?" Hakuna mtu mzima aliyekuwa na jibu la haraka. Babu yake akasema endelea kusoma, wali unapoa.

Sina ugomvi na nguo mpya, wala na kreti ya soda. Hata yule Baba Krismasi wa madukani, anayetokwa na jasho ndani ya ndevu za pamba katika joto hili, namwonea huruma tu.

Ninaloomba kupitia gazeti lako ni dogo. Wenye kumbi hapa mjini wanaanza disko toto asubuhi ya tarehe 25, na muziki unawafikia watoto wakati wazazi wanawavalisha viatu vya kwenda misa. Mwaka jana nilihesabu vichwa vitano vya watoto wa nyumbani kwangu pale kanisani, wakati nyumbani nilikuwa nimeacha watoto tisa, wote wameshaoga; wanne walikuwa wamefuata muziki. Wenye kumbi ni watu wa biashara na siwalaumu. Watoto wetu ndio wateja wao. Waanze saa nane mchana. Tutakuwa tumeshasali, tumesoma, tumekula, na nitawaleta wote tisa mwenyewe, na hela ya kiingilio mkononi.

Mama wa watoto watatu,
Dunda, Bagamoyo