Kura ya mabeki wa kati wa AC Milan

Wadau, kura ya mabeki wa kati bora katika historia ya AC Milan tunaifunga kesho saa 3 usiku. Majina mawili tu kila mtu.

Baresi kwangu hana mjadala: timu ya wakubwa kuanzia 1978 hadi 1997, klabu hiyo hiyo moja, na jezi namba 6 ikastaafishwa kwa heshima yake. Ubishi ni nani asimame naye. Maldini jina alilijenga akiwa beki wa kushoto, lakini fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 1994 dhidi ya Barcelona, Baresi na Costacurta wakitumikia adhabu, alihamia katikati na Milan ikashinda 4-0. Mimi namhesabu.

Mnaomtaka Nesta, leteni hoja. Sauti za dakika tano sisikilizi!