Risala ya Bodi na Walimu kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Darasa la Saba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya, Afisa Elimu, viongozi wa dini, wazazi na wahitimu wetu, karibuni sana.

Mheshimiwa, shule hii ni mtoto wa Sera ya Elimu ya mwaka 1995, iliyowafungulia watu binafsi mlango wa kuanzisha shule za msingi. Sheria ya mwaka 1969 ilikuwa imezitaifisha shule za madhehebu, na elimu ya msingi ikahesabika kuwa kazi ya Serikali. Sekondari zilipata upenyo mapema zaidi, pale Jumuiya ya Wazazi, makanisa na wananchi wa mikoa kama Kilimanjaro walipojenga za kwao.

Tangu hapo tumezoea upepo kugeuka. Mwaka 2016 ilikuja elimu bila ada, na baadhi ya wazazi wakahamishia watoto shule za Serikali, hatuwalaumu. Mjadala wa ada elekezi, yaani Serikali kuzipangia shule binafsi viwango vya ada, ulivuma, ukatulia. Januari 2023 Baraza la Mitihani (NECTA) likaacha kutangaza shule kumi bora. Wengine walinung'unika, lakini tuseme ukweli, zilikuwapo shule zilizowachuja watoto ili zing'are kwenye orodha ile.

Mheshimiwa, linalotukosesha usingizi ni Januari 2028. Kwa mtaala mpya, unaofanya elimu ya msingi iishie darasa la sita, darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na wote watahitaji kidato cha kwanza kwa mkupuo. Shule ya msingi itabaki na madarasa 6, ada ya darasa zima itatoweka, huku mishahara na marejesho ya mkopo yakibaki palepale. Sekondari yetu nayo itatakiwa kuongeza mikondo kwa ajili ya kundi moja tu. Benki gani itatukopesha kujenga vyumba vitakavyokuwa vitupu baada ya miaka 4?

Tunaomba, kupitia kwako, Wizara ikae na wamiliki wa shule kabla waraka wa mabadiliko haya haujatoka. Vyumba vya darasa la saba vitakavyobaki wazi tuko tayari kuvitumia kupokea kidato cha kwanza, wakiwemo watakaokosa nafasi katika shule za kata jirani, iwapo taratibu za usajili zitaturuhusu na gharama zao zitajadiliwa mapema.

Karakana ya amali, yaani mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, tumeshaitengea eneo. Vifaa bado, na walimu wa fani hizo ni wa kugombania.

Tunaomba kuwasilisha.