Mbunifu aje kiwanjani kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme na wenzangu wanaojenga, juu ya kumchagua mbunifu majengo, hasa huku Kigamboni, ambako kila Jumamosi malori ya mchanga na kokoto yanapishana tangu alfajiri.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Kiwanja changu kipo Kibada, nilikipata enzi za ule mradi wa serikali wa kupima viwanja 20,000, kikakaa miaka na miaka hakina kitu ila mihogo na mkorosho mmoja. Kiinua mgongo kilipotoka nikaanza kujenga. Ramani nilinunua kwa kijana aliyenitumia picha kwenye simu: vyumba vinne, paa la kujificha, vioo vikubwa mbele, gari jeusi limeegeshwa mlangoni. Laki tatu. Siku ya pili tu makaratasi yakawa mkononi. Halmashauri waliposema michoro lazima iwe na muhuri wa mtaalamu aliyesajiliwa, kijana akanijibu, "Muhuri upo mzee wangu, ongeza laki mbili." Nikaongeza. Huyo aliyegonga muhuri simjui kwa sura wala kwa sauti, na naandika hili kwa aibu, maana maisha yangu yote nimewakataza watoto kunakili kazi ya mwenzao.

Nyumba ilipofika kwenye lenta ndipo nilipoona nilichonunua. Sebule yenye vile vioo inatazama magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia mpaka ukuta wa ndani. Kusini-mashariki, unakotoka upepo wa kusi miezi ya Juni na Julai, amepanga choo na stoo, kila kimoja na kidirisha cha futi moja. Jiko lipo kaskazini-mashariki, kwa hiyo Januari kaskazi ikivuma, harufu ya samaki wa kukaanga inalala na sisi chumbani. Shimo la maji machafu limechorwa kona ya chini ya kiwanja, ambako masika ukichimba futi nne unakutana na maji. Fundi nisimsingizie, alijenga alichopewa. Na mchoraji naye, ukimtazama kwa haki, alichora nyumba ya kiwanja ambacho hakipo popote, akaniuzia mimi na wengine.

Jiji hili halikukosa mfano. Soko la Kariakoo lililofunguliwa mwaka 1975 lilibuniwa na mbunifu Mtanzania, Beda Amuli, na ile miamvuli ya zege juu ya paa haikuwekwa kwa urembo: ilipitisha hewa na mwanga, na ilikusanya maji ya mvua. Yule aliwaza jua la hapa na mvua ya hapa. Sisi leo tunaweka vioo vya nchi za baridi, halafu tunalia na bili ya kiyoyozi.

Nilisimamisha kazi miezi mitano nikatafuta wa kuniokoa. Safari hii nilianzia kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuiangalia. Nikawapata wabunifu watatu. Wa kwanza alinionyesha picha za maghorofa ya Posta, nikajiona mdogo hata kabla hajataja bei. Wa pili alitaja bei kabla hajauliza kiwanja kiko wapi. Wa tatu, mama mmoja mpole, aliniuliza kama anaweza kuja saa nane mchana, jua likiwa kali. Akaja. Akasimama kila pembe, akaokota udongo akauminya kiganjani. Kisha maswali: nani anapika, na anapikia gesi au mkaa? Mama mkwe wangu atalala wapi, naye magoti hayapandi ngazi? Na siku ya msiba, turubai litafungwa wapi, akina mama watakaa wapi?

Hilo la msiba lilinimaliza. Miaka yote niliyofikiria nyumba hii nimewaza sebule na geti, sijawaza siku watu mia mbili watakapokuja kunizika.

Hata hivyo sikumpa kazi papo hapo. Nilimwomba anipeleke kwenye nyumba aliyoimaliza zamani kidogo, yenye watu ndani, tena twende wakati wa mvua. Nyumba mpya kila moja inapendeza, lakini nyumba iliyokwisha kupita masika matatu haifichi kitu. Nikamuuliza mwenye nyumba, mbunifu akiwa nje. Akasema ukweli: kazi ilichelewa, na alinung'unika kulipia ziara za ukaguzi kiwanjani. Lakini dari kavu, kuta hazina unyevu, na sebuleni tulikaa bila feni. Hapo ndipo nilipokubali.

Malipo yake yalikuwa milioni nne kwa awamu. Kubomoa na kurekebisha kulikula milioni kumi na mbili nyingine. Hesabu ya zile laki tano nilizodhani nimeokoa mwanzo fanyeni wenyewe.

Wabunifu nao nina neno nao. Mkataba alioniletea mama huyu ulikuwa wa Kiingereza kurasa kumi na moja. Nilimwomba aniandikie kwa Kiswahili, akaandika ukurasa mmoja na nusu, na ndio tulioufuata. Kwa nini isiwe hivyo tangu mwanzo? Mwambieni mteja kila awamu anapata nini, mtakwenda kiwanjani mara ngapi, na wapi kazi yenu inaishia ili ya mhandisi, au ya mkadiriaji majenzi anayepiga hesabu ya gharama, ianze. Watu wengi hawajui tofauti hiyo, na wanaona haya kuuliza. Ghorofa linapoanguka, kama Kariakoo Novemba 16, 2024, tunabishana wiki nzima juu ya nondo na zege, kisha kila mtu anarudi kwenye simu yake kutafuta ramani ya bei nafuu.

Barua hii naiandikia pale palipokuwa choo. Sasa ni chumba cha kusomea chenye dirisha la futi sita, na kusi inanipeperushia karatasi. Ile ramani ya laki tatu nilikuwa nimeisahau. Juzi nimeiona tena, nyumba ileile, gari jeusi lilelile, kwenye simu ya jirani anayetaka kuchimba msingi mwezi ujao. Nimemsihi asilipe mpaka aje kwangu saa tisa alasiri, akae pale sebuleni, kwenye kochi linalotazama vioo.

Mwalimu mstaafu,
Kibada, Kigamboni,
Dar es Salaam